Viboko Waliolisha Ghuba Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa niachie kamba.

Ilikuwa mwaka uliofuata uhuru wa Uganda. Afisa Samaki wa Wilaya alinichukua mimi, mkaguzi wake mpya, pale Kasese katika Landrova yake, tukapita Katwe, kisha tukafuata njia ya nyasi hadi mwalo wa Kiharara, kwenye Ziwa Edward, chini ya Bwera. Mwalo ni mahali ambapo mitumbwi hutia nanga na samaki hupimwa na kuuzwa. Kiharara ulikuwa mwalo mdogo: vibanda vya nyasi, matanuri ya kubanikia samaki, nyavu zilizoanikwa juu ya miti, na mbele yake ghuba iliyozungukwa na matete. Tulipofika, mtumbwi ulikuwa unaingia. Watu waliishika kamba yake wakaanza kuuvuta mchangani kwa wimbo. Mimi nimezaliwa Mahango, mlimani, nikalelewa kwa jembe. Nikiona watu wanavuta kitu kizito, mikono yangu haitulii. Nikakimbia nikaishika kamba nyuma ya mtu wa mwisho.

"Wewe! Achia kamba!" Afisa alipaza sauti.

Nikaachia. Watu wote wakageuka kunitazama.

"Bwana Samaki hashiki kamba," akasema, sasa kwa sauti ya chini. Akanieleza desturi ambayo kila mtu pale aliijua isipokuwa mimi. Mkono wowote unaovuta mtumbwi hadi nchi kavu hupewa samaki mmoja, hata kama ni mkono wa mpita njia. Anaitwa samaki wa kamba, na hakuna anayeweza kumnyima mvutaji. "Ukishika kamba, umekula. Na ukila, kesho utampimaje aliyekulisha?"

Mkuu wa mwalo, ambaye kwa cheo huitwa gabunga, alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana na sauti iliyozoea kushindana na upepo. "Muache, Bwana Mkubwa," akasema. "Hii moja iko na mikono ya muhogo. Kamba yetu itamufundisha."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao kidogo. Kisha wakaurudia wimbo wao, mtumbwi ukapanda mchangani bila mimi. Sikuishika kamba tena mpaka siku yangu ya mwisho pale.

Tangu saa ile hakuna aliyeniita kwa jina. Mimi ni Masereka, jina ambalo sisi Wakonzo humpa mtoto wa tatu wa kiume, na Mahango mtu akiliita hugeuka nusu ya kijiji. Kiharara nilikuwa Bwana Samaki tu. Nyumba yangu ilikuwa kibanda cha duara cha bati kilichojengwa juu kidogo ya mwalo, ili niione mitumbwi yote ikiingia. Wao pia waliniona mimi, nikipika, nikifua, nikikaa mlangoni. Sheria ya kazi ilinikataza kupokea samaki wa mwalo wangu, na Afisa alinishauri nisinunue pale hata kwa bei halali. Kwa hiyo kila nilipotaka kitoweo nilipanda baiskeli hadi Katwe kununua samaki waliovuliwa maji yale yale.

Vijana wanaofanya kazi hii siku hizi huniuliza tulikuwa tunafanya nini hasa. Tulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni kipimo cha bati, kipande bapa kilichokatwa kwa upana unaoruhusiwa wa tundu la wavu. Unakisukuma ndani ya tundu. Kikipita bila kukwaruza, wavu ni halali. Kikikwama, wavu unachukuliwa na kuchomwa, kwa sababu tundu dogo hukamata samaki ambao hawajazaa. Cha pili ni ubao wa kupimia, wenye mstari uliochorwa kwa msumari. Samaki analazwa juu yake, pua mwanzoni, na mkia usipofika kwenye mstari, ni mtoto. Samaki wetu mkuu alikuwa ngege, yule mpana mwenye magamba makubwa. Baada ya siku nyingi sikuhitaji ubao. Ngege halali, nikimlaza juu ya mkono wangu, huanzia kwenye kiwiko na mkia wake hugusa kifundo cha mkono.

Na palikuwa na viboko. Kundi lao lilikaa upande wa kusini wa ghuba, vichwa juu ya maji kama mawe yaliyooshwa. Jioni walitoka kwenda kula majani kwenye nyanda, alfajiri walirudi wakiwa wameshiba, na mchana kutwa walikaa majini wakinya, wakipiga kinyesi kwa mkia kikatawanyika. Njia waliyoipasua katikati ya matete, ya kutoka na kuingia, wavuvi waliiita mlango wa viboko. Waliwachukia. Kiboko mmoja akipita penye wavu, kazi ya mwezi mzima ya kushona inaisha. Mtumbwi ukikaribia mno, anauinua kwa mgongo.

Afisa yule yule ndiye aliyenifundisha kazi, mtu wa mashariki ya nchi, mpole akiwa peke yake na mkali mbele ya watu. Siku moja alichota maji ya ghuba katika chupa nyeupe akainyanyua juani.

"Unaona nini?"

"Maji machafu, bwana. Ya kijani."

"Huo ni uji," akasema. "Kiboko anakula majani ya nchi kavu, analeta mbolea majini. Mbolea inaotesha hii kijani, ndogo kuliko unga. Ngege anakula kijani. Samaki mkubwa anakula ngege, tai anakula, wewe unakula. Kiboko ndiye mpishi."

Sikumwamini. Niliona ni maneno ya mtu aliyesoma mbali. Lakini mimi ni mtu wa kutazama, na upweke humpa mtu muda mwingi wa kutazama. Nikaanza kufuatilia mitumbwi inatega wapi. Wavuvi wale wale waliolaani viboko asubuhi, jioni walipiga makasia moja kwa moja hadi mlangoni mwao, wakashindana nani atashusha wavu karibu zaidi na kundi. Huko ndiko ngege walikuwa wanene. Walitaka viboko waondoke na ngege wabaki, na hakuna aliyeona kwamba anaomba vitu viwili visivyoweza kukaa pamoja.

Mwisho wa kila mwezi nilikwenda Kasese kuripoti. Huko nilikuwa na rafiki mmoja, Karisa, mtu wa pwani ya Kenya, karani wa bohari ya mizigo kwenye stesheni ya reli. Samaki wakavu wetu walipakiwa mikononi mwake. Kiswahili nilichojifunza kwa Wakongo na askari kilimuuma masikioni.

"Ati 'samaki yangu inaoza'," alizoea kusema. "Samaki ana roho, ndugu yangu. Samaki *wangu* *anaoza*. Ee Mola, mlima huu umewafanya nini watu?"

Nilikuwa nakaa juu ya gunia, ananipa chai ya tangawizi, ananisahihisha. Kiswahili hiki ninachoandika ni chake. Nilimweleza habari ya viboko na uji, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Kwetu ni papa," akasema. "Anapasua jarife, wavu wetu mkubwa, anamla samaki aliyekwisha nasa, anakuachia kichwa. Wavuvi wanamlaani mchana na usiku. Lakini babu yangu alikuwa akisema, ukiona mwamba hauna papa, anza kuuza nyavu. Walikuja watu wakawavua papa wote mbele ya kijiji chetu, wakawakausha ng'onda, mapezi wakayasafirisha. Tukashangilia. Basi wale samaki wa kati, ambao papa alikuwa akiwapunguza, wakajaa. Wakawala wadogo wote. Mwamba ukabaki kama nyumba iliyohamwa. Unadhani nimefuata nini huku kwenu kwenye baridi? Nimefuata mshahara, kwa kuwa baba yangu alikwisha uza mtumbwi."

Nilirudi Kiharara na maneno hayo, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Kisha Bwambale akafa. Alikuwa mdogo wake gabunga, mvuvi mwepesi, mpenda mzaha. Ndiye pekee aliyezoea kunipungia kasia akipita. Alikwenda kutoa wavu wake mlangoni kabla jua halijachomoza, saa ile viboko wanaporudi kutoka malishoni. Dume mmoja mwenye sikio lililochanika aliupindua mtumbwi. Tulimpata mchana kwenye matete.

Baada ya maziko, Afisa alifika pamoja na askari wa wanyama kutoka Mweya, makao ya hifadhi, mwenye bunduki kubwa. Mwalo wote ulikusanyika. Gabunga alisimama mbele, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

"Tunataka wote wafe," akasema. "Kubwa na dogo. Ile nyama imeua ndugu yangu."

Askari wa wanyama akasema kwamba kule Mweya wameshawahi kupunguza viboko kwa amri, palipokuwa na wengi hata majani yakaisha, kwa hiyo hilo si jambo geni. Ofisi ya samaki ikisema ghuba haiwahitaji, yeye atafanya kazi yake. Afisa akanigeukia.

"Wewe ndiye unayekaa hapa. Ni kundi, au ni mmoja?"

Ningeweza kusema ni kundi. Watu wangenibeba mabegani, na huenda jioni ile ningekula kwenye sufuria ya mtu mwingine kwa mara ya kwanza. Niliwatazama, nikamtazama gabunga.

"Ni mmoja," nikasema. "Dume mwenye sikio lililochanika. Huyo aliwahi kugonga mitumbwi mingine. Waliobaki waachwe, maana kinyesi chao ndicho uji wa ngege wetu. Na kuanzia leo mtumbwi usipite mlangoni kabla jua halijapanda juu ya matete. Wakati huo viboko wamekwisha tulia majini."

 Afisa akatikisa kichwa kukubali. Dume yule alipigwa risasi siku ile ile, wengine wakasalimika.

Gabunga alinifuata hadi karibu na kibanda changu. Hakupaza sauti. "Bwana Samaki," akasema, "wewe hapa hauna ndugu. Ndiyo maana umesema vile."

Nilitaka kumwambia kwamba nami nilimpenda Bwambale. Lakini nilikuwa na haki gani? Sikuwahi hata kula naye.

Walilishika agizo la jua, wakinung'unika, na hakuna mtu mwingine aliyeuawa mlangoni. Lakini mimi walinihamisha bila kunitoa nilipo. Salamu ya "Wabukire" niliipata, maana kumnyima mtu salamu ni laana, lakini waliisema wakitembea. Nilipokaribia tanuri, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua. Mtu pekee aliyesimama kuongea nami alikuwa Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka upande wa Beni, aliyenunua samaki waliobanikwa na kuwapeleka soko la Bwera, na kutoka hapo hadi Kongo. Mkatoliki mwenye rozari shingoni na ulimi wa wembe.

"Bwana Samaki, weye unaikala sawa mutu wa kaburi," aliniambia siku moja akifunga mzigo wake. "Batu beko na kasirani juu yako, ile sawa. Lakini oa bibi basi! Mutu akikaa peke yake, hata chumvi inamukosa ladha."

"Nani atakubali kukaa hapa, mama?"

"Ile ni kweli," akasema, akacheka hadi mzigo ukamwanguka. "Hata miye siwezi. Unanukia samaki na haukulake!"

Miaka ikaenda hivyo. Ikaja miaka ya sabini, ya utawala wa wanajeshi, na mambo yake. Afisa wangu alihamishwa, na aliyemfuata hakuwa na petroli ya kufika kwetu. Nilipokea maagizo machache na mshahara wa kuchelewa. Nikaendelea kupima matundu na mikia.

Siku moja, asubuhi iliyong'aa, lori liliingia Kiharara likiwa na watu wenye bunduki. Hawakuuliza lolote. Walijipanga ufukweni wakaanza kuwapiga risasi viboko waliokuwa wanaota jua. Nilishuka mbio kutoka kibandani, nimevaa kofia ya kazi na kipimo cha bati kimening'inia shingoni. Leo nikijiwazia nilivyoonekana, naona aibu na kicheko pamoja.

"Afande," nikasema, "wanyama hawa wanalindwa na sheria. Wakifa hawa, samaki wa ghuba hii watakwisha."

Mkubwa wao alinitazama kuanzia kofia hadi ndala. "Sheria?" Akapiga kitako cha bunduki kwa kiganja. "Sheria ni hii. Wewe nani? Kaa chini! Kaa chini haraka!"

Sikukaa. Si ushujaa, miguu ilikuwa imegoma kukunjika. Akainua bunduki. Hapo nikamsikia gabunga nyuma yangu, akija kwa hatua za haraka, akicheka kicheko cha uongo.

"Afande, afande, musamehe. Hii ni kichaa yetu. Inakaa pale juu peke yake, inaongea na kiboko. Miaka mingi. Muache tu, afande, ni kichaa yetu."

Yule mkubwa akacheka, akanisukuma kwa mguu, nikaanguka mchangani. Wakaendelea na kazi yao. Nilibaki pale chini nikisikia milio, na katikati ya milio hiyo nilikuwa nikilisikia neno moja tu la gabunga: *yetu*.

Walipakia nyama hadi lori likalemewa. Iliyobaki waliwaachia watu. Akina mama walikuja na mabeseni, matanuri yakawaka, harufu ya mafuta ikajaa mwaloni. Siwalaumu, sukari ilikuwa imeadimika, chumvi imeadimika, watoto walitaka nyama. Nilipanda kibandani nikafunga mlango.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Nyavu hazikupasuka. Mitumbwi ilitoka saa yoyote iliyotaka. Wavuvi vijana walipita chini ya kibanda changu wakiimba, "Uji umekwisha, na sisi bado tunashiba!" Nilisikia, nikaanza hata kujiuliza kama Afisa na Karisa walinidanganya wote wawili.

Kisha maji yakaanza kuwa meupe. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na sikulipenda. Nilichota katika chupa ile ile aliyoniachia Afisa, nikainyanyua juani, nikaona upande wa pili mwanga mtupu. Matete, ambayo hakuna aliyekuwa akiyakanyaga, yaliusonga mlango mpaka ukafungika, na nyuma yake maji ya kina kifupi ambako ngege walikuwa wakizaa yakakauka kuwa tope. Ngege walioletwa kwenye ubao walikuwa na vichwa vikubwa na miili ya panga. Tai mla samaki, ambaye Karisa alinifundisha kumwita furukombe, alihama mti wake. Watu wakaanza kuleta nyavu za matundu madogo, kwa kuwa wakubwa hawapatikani. Nikazichukua, wakanitukana mbele ya watoto wao.

Mama Kavira alikuja mara ya mwisho akaondoka na kikapu nusu. "Miye ninakwenda mwalo ingine," akasema. "Hapa kwenu samaki iko sawa karatasi. Mungu akulinde, Bwana Samaki. Weye ulisema."

Nilikuwa nimesema kweli, lakini kweli ile haikunipa hata mtu mmoja wa kukaa naye. Vibanda viliachwa kimoja kimoja. Nyasi za paa ziliporomoka. Nilipokwenda Kasese mwisho wa mwezi, nilikuta mtu mwingine kwenye bohari ya mizigo. Karisa alikuwa amerudi kwao pamoja na Wakenya wengine, reli ilipogawanywa kati ya nchi zetu, akaniachia kikombe chake cha chai kwa yule mgeni. Nilirudi nacho nikiwa nimekishika mkononi njia nzima, kwa sababu kwenye mfuko kingegongana na kipimo.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, gabunga alipanda hadi kibandani. Hakuwahi kufanya hivyo tangu siku ya maziko. Alikuwa amezeeka. Akaketi kwenye kizingiti bila kukaribishwa, nikampa chai katika kikombe cha Karisa. Sikuwa na cha pili, kwa hiyo nilimtazama akinywa.

"Watarudi?" akauliza.

"Wako waliobaki upande wa Mweya. Kiboko hutembea. Lakini mlango umefungwa, na wakija watu wa lori watawamaliza."

Akanywa. "Mlango tunaweza kufungua," akasema. "Panga tuko nazo. Na watu ya lori, miye nitaongea nao. Miye najua kuongopa. Umeona."

Kesho yake wavuvi waliobaki walikwenda kufyeka matete, na gabunga mbele yao akiwa majini hadi kiunoni. Nilisimama ufukweni; panga halikukatazwa na sheria, lakini mazoea ya miaka yalinishika miguu. Mwishowe nikavua viatu nikaingia.  Mtu mmoja alisogea kidogo kunipa nafasi.

Misimu miwili ya mvua ilipita bila kitu. Kisha asubuhi moja tuliona vichwa viwili mlangoni, kikubwa na kidogo: mama na ndama wake. Mwalo mzima ulisimama kuwatazama, watu wale wale waliotaka wote wafe. Palikuwa na njaa wakati ule, na nyama ile ingelisha nyumba zote. Nilimwona mmoja wa vijana akimtazama mwenzake. Gabunga naye aliona.

"Atakayetia mkuki pale," akasema, "aanze na miye."

Lori lilirudi, kama tulivyoogopa. Gabunga alikwenda kulipokea mbali, kabla halijafika ufukweni, akaonyesha vibanda vilivyoanguka. "Hapa hakuna kitu, afande. Kiboko mulimaliza. Hata samaki hakuna. Mutuangalie sisi wenyewe, tumebaki mifupa." Wakatazama, wakamwamini, wakageuza. Nyuma ya matete mama yule alikuwa akipumua kwa sauti niliyodhani itasikika hadi Bwera.

Ofisi ilipunguza watu mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini, nami nikastaafishwa kabla ya wakati wangu. Sasa nakaa Mahango, kwenye shamba la baba yangu. Kukiwa hakuna ukungu, naliona ziwa huko chini likiwa kama kipande cha bati. Nimebaki na tabia ya kukaa mlangoni peke yangu. Mtu hawezi kuishi vile miaka yote kisha akawa mchangamfu kwa kustaafu. Wanaokuja kuniuliza habari za kazi huwa wanataka kusikia juu ya sheria na vipimo. Nawaambia kwamba bati na ubao ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kumlinda yule ambaye watu wanamwogopa na kumchukia, awe kiboko wa kwetu au papa wa kwao Karisa, kwa sababu yeye ndiye anayeshikilia meza ambayo wengine wote wanakula. Nawaambia pia kwamba hawezi kulindwa na askari mmoja aliye juu ya kilima. Sikuweza. Aliyemlinda ni yule aliyefiwa kwa sababu yake.

Lakini nilitaka kumalizia na siku yangu ya mwisho Kiharara.

Nilikuwa nimekwisha kurudisha kipimo na ubao. Mzigo wangu ulikuwa umefungwa kwenye baiskeli. Mbele ya ghuba viboko walikuwa wachache, ungeweza kuwahesabu bila kukosea, na maji yalikuwa yameanza kupata ile rangi yake ya zamani karibu na mlango. Nilishuka kuaga. Mtumbwi ulikuwa unaingia na watu walikuwa wachache kwenye kamba.

"Masereka," akaita gabunga.

Niligeuka kutazama nyuma yangu, nikidhani amekuja mtu mwingine.

"Masereka, wewe, shika kamba."

Nikashika. Ilikuwa imelowa, nzito kuliko nilivyokumbuka. Nilivuta nao, sikuujua wimbo vizuri, nikawa naitikia mahali pasipostahili, wakacheka, na mtumbwi ukapanda mchangani.

Gabunga akainama mtumbwini akatoa ngege mmoja, angali akitapatapa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Samaki wa kamba. Sikufikiri. Nilimlaza juu ya mkono wangu, pua kwenye kiwiko, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Mkia haukufika kwenye kifundo. Ulikosa kidogo, upana wa kidole.

Wote waliona.

"Masereka," gabunga akasema polepole, "leo wewe si Bwana Samaki."

"Najua."

Niliingia majini nikamwachia. Alilala kiubavu kidogo, akajinyoosha, akaelekea upande wa mlango.

Nilidhani wamechukia. Mtu hakatai samaki wa kamba. Niligeuka nikaona gabunga amejishika kiuno, mabega yakitikisika kwa kicheko, cha kweli safari hii.

"Kichaa yetu," akasema. Kisha akasogea kwenye gogo walilokuwa wakikalia wavuvi, akapiga mahali palipo wazi kando yake. "Basi kaa. Ngoja mtumbwi mwingine."

Safari ya Mahango ni ndefu, na jua lilikuwa linakwenda. Nikaiegemeza baiskeli, nikakaa.